Mtoto aliyenyamaza si lazima amezoea

Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa chama, Baraka. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wanachama wa Mboko, Sebele na Kazimia ambao hawakuweza kufika. Kura juu ya bajeti itapigwa mkutano ujao, kwa hiyo msome kabla.

Mama zetu, baba zetu, wazee wa chama, ndugu wote tuliovuka ziwa kurudi kwetu, wengine na Mwongozo, wengine na mitumbwi: jambo!

Mama Prezida ametupa dakika ishirini, na mtunza feza amesema atatukata zikiisha. Basi tuingie moja kwa moja.

Kwenye karatasi mliyogawiwa kuna mradi wa nyumba ya watoto wadogo, wale wa chini ya miaka mitatu, ambao mama zao wanashinda ku shamba ao ku soko. Mradi ni wenu, mliufikiria nyinyi wenyewe. Sisi wa shirika tumeitwa tu kutoa maoni. Tumesoma. Kuna mstari wa mabati. Kuna mstari wa matofali na sementi. Kuna mstari wa rangi na wa fundi atakayechora herufi A mpaka Z ukutani. Kuna viti vidogo thelathini. Chini kabisa kuna mstari wa walezi, na mbele yake pameandikwa neno moja: "watajitolea". Feza: sifuri.

Tunaomba karatasi hiyo igeuzwe, kichwa kiende chini. Na ili msifikiri tunakuja kuwafundisha kama watu wasiokosea, tutaanza na kosa letu.

Msimu wa kupanda wa mwaka juzi tulisimamisha kibanda cha bashi karibu na mashamba ya mihogo na karanga, upande wa mto Mutambala. Tulipata mama wawili wa kujitolea. Siku ya kwanza watoto walikuwa 9. Wiki ya pili walikuwa 27. Tulifurahi mno. Kwenye ripoti ya mwezi tuliandika 27 kwa herufi nzito, picha ikapigwa, ofisini watu wakatupongeza. Hakuna aliyeuliza mikono ya watu wazima ilikuwa mingapi. Ilikuwa minne.

Kati ya hao 27 kulikuwa na mtoto wa kike wa miezi kumi na mmoja. Alipofika alikuwa mtoto wa fujo: analia mama akiondoka, anavuta kikwembe cha kila anayepita, anapiga kelele zake za "ba-ba-ba" mpaka mbuzi wanageuka. Baada ya wiki tatu alikuwa ametulia. Ukimweka kwenye mkeka, anabaki palepale. Mama akiondoka, hageuzi kichwa. Mama akirudi, vilevile. Akipewa uji anakunywa, asipopewa hadai. Wale mama wawili walimpenda juu hakuwasumbua, na kwa watoto 27 nani angewalaumu? Sisi tulikuwa na fomu ya kufuatilia kila mtoto. Mbele ya jina lake tuliandika: "amezoea".

Siku moja nyanya fulani alikuja kuchukua mjukuu wake. Akapita karibu na huyu mtoto, akasimama. Akapiga makofi mbele ya uso wake, akamwimbia kidogo kwa Kibembe. Mtoto akamtazama kama mtu anavyotazama mvua. Nyanya akatugeukia: "Huyu hajazoea. Huyu ameacha kuita juu hakuna mwenye kuitika."

Tulijitetea, hatutaficha. Tulimwambia mtoto ana kilo nzuri, utepe wa mkono uko kwenye rangi ya kijani. Na kweli ulikuwa kijani. Lakini chuoni jambo hilohilo tulikuwa tumelisoma na kulifanyia mtihani, na tulipoletewa mtoto mwenyewe hatukulitambua.

Nyanya alikuwa na haki. Mtoto mchanga hajifunzi kwa kukaa mbele ya ubao. Anajifunza kwa kuita na kuitikiwa. Anatoa sauti, unamjibu. Anaonyesha kuku kwa kidole, unasema "eeh, kuku, anakula mchele wa nani huyo?" Anatabasamu, na wewe unatabasamu. Mara mia kwa siku, mara elfu. Kila jibu linajenga kitu kichwani mwake, na ujenzi huo una haraka kubwa: mtoto akifika miaka miwili, ubongo wake umeshakaribia robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kama haitikiwi, anaacha kuita, na sisi wakubwa tunamsifu kwamba ni mtoto mzuri, hasumbui.

Kuna nchi iliyotuonyesha jambo hili kwa njia ya kusikitisha. Huko Rumania, baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia iliona nyumba kubwa za serikali zilizojaa watoto. Walikuwa na paa, kitanda, na watu wa zamu. Hawakuwa na mtu wao. Kuanzia mwaka 2000 hivi watafiti walifuatilia watoto 136 wa nyumba hizo mjini Bucharest. Kwa kura, nusu waliwekwa katika familia za kuwalea, nusu wakabaki kulelewa kama zamani. Waliopata familia walikua na akili iliyochangamka kuliko waliobaki, na waliofaidi zaidi ni wale waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili hivi. Hapa Baraka hatujengi nyumba ya mayatima, watoto wetu jioni wanarudi kwa mama. Lakini toka saa moja asubuhi mpaka saa tisa ni masaa nane, na hiyo ni sehemu kubwa ya muda ambao mtoto mdogo anakuwa macho.

Mfano mwingine unatukaribia zaidi, maana ni wa watu maskini kama sisi. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987 walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 mpaka 24. Kwa baadhi yao, mfanyakazi wa afya wa mtaa alifika nyumbani kila wiki, saa moja tu, kwa miaka miwili. Alikaa chini na mama, wakacheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa hapohapo, wakazungumza naye. Njo hivyo tu. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata mshahara mkubwa kwa robo hivi kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Hakuna mtu aliyewapakia rangi ukuta.

Sasa turudi ku Mutambala. Tulipoelewa kosa, tuliamua: mlezi mmoja, watoto wanne, na watoto wale wale kila siku. (Uingereza sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu wa chini ya miaka miwili, na wao wana maji ya bomba ndani ya nyumba.) Tulitafuta mlezi wa tatu, tukapata. Tatu mara nne ni kumi na mbili. Maana yake mama kumi na watano tuliwaambia hapana. Tuliwaambia siku ya kupanda, mvua iko juu. Mmoja alitutukana mbele ya watu, na hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tunaposema "punguzeni watoto", msifikiri ni neno jepesi mdomoni mwetu. Tunajua anayekatazwa nafasi anakwenda wapi na mtoto wake.

Anakwenda nyumbani, anamwita yaya.

Neno hili tulifikirie kidogo. Kwa watu wa Tanzania, yaya ni mfanyakazi anayelipwa kulea mtoto. Kwetu Kivu, yaya ni mkubwa wako, aliyezaliwa mbele yako. Nyumbani mwetu maneno mawili yamekuwa mtu mmoja: binti wa miaka tisa, kumi, mwenye mtoto mgongoni. Wengine kati yetu wa shirika tulikuwa huyo yaya. Kule Lugufu tulisimama kwenye foleni ya maji na mdogo mgongoni wakati wenzetu wako darasani, na hesabu za kugawanya tulizisikia kupitia dirisha. Toka mwezi wa tisa 2019 serikali yetu ilitangaza masomo ya msingi ni bure. Lakini ubure huo haumbebi mtoto. Piteni saa tatu asubuhi njia ya kuelekea mashambani, mutawaona. Na tusiwadanganye: yaya wa miaka kumi anampenda mdogo wake, lakini naye ni mtoto. Akisikia wenzake wanaruka kamba, atamlaza huyo mdogo kivulini na kwenda. Tungefanya hivyo hivyo. Tulifanya hivyo hivyo.

Wale kumi na watano tuliowakataa, ni wao waliotutoa kwenye shida. Mama wanne wa kartye moja walikwenda kwa jirani yao, mama ambaye mguu hauko sawa na hawezi mwendo wa masaa mawili mpaka shamba. Wakamwambia: wewe baki na watoto wetu wanne uani kwako, na sisi kila mmoja atakupa nusu siku kwa wiki ku shamba lako. Likelemba ya kazi. Mama yule msimu ule shamba lake lililimwa vizuri kuliko siku zote alizokuwa na miguu miwili mizima, anasema mwenyewe na kucheka. Kundi la pili liliiga, la watoto watano, wamezidi mmoja lakini walikataa kutengana. Hivyo watoto tisa walipata mtu. Sita hawakupata, na hatujui vizuri msimu wao ulipita aje.

Sisi hatukuvumbua kitu hapo. Tuliandika tu walichofanya, na tukaongeza vitu vidogo: sabuni, ndoo yenye bomba, mkeka, na mafunzo ya siku nne.

Watu wanatuuliza, mafunzo ya nini, mama aliyezaa sita afundishwe kulea? Swali ni la haki. Mama huyo anajua mengi kuliko sisi. Lakini kulea wako ni kazi moja, na kulea wanne wa wengine kwa wakati mmoja ni nyingine. Tunazungumza mambo ya kila siku. Asubuhi, mtoto apokelewe mkononi kutoka mkononi, asitupwe kwenye mkeka kama mzigo wa soko. Muulize mama: alilala aje, alinyonya saa ngapi, ana kuhara? Mama akiondoka, aage. Mama wengi wanatoroka mtoto akigeuka, wanaona ni huruma. Mtoto akigundua mama ametoweka bila neno, kesho hataachilia kikwembe hata dakika moja. Aage, mtoto alie, mlezi ambebe. Kilio hicho ni kizuri, kinaonyesha anajua mtu wake ni nani.

Kisha kumbadilisha nepi. Hapa njo mahali tunapotumia muda mrefu kuliko pote, na watu wanacheka. Mlezi mwenye haraka anamnyanyua mtoto kwa mguu mmoja, anapangusa, kwisha, anaita mwingine. Sisi tunasema: huo ndio muda ambao mtoto huyu mmoja ana mtu mmoja peke yake. Mwambie unachofanya. "Nakunyanyua sasa. Maji ni baridi, eeh? Lete mguu." Usishangae miezi michache baadaye akileta mguu mwenyewe. Kubadilisha nepi mara nne kwa siku na kulisha mara tatu, yote kwa maneno na kumtazama usoni: hilo peke yake ni darasa kubwa kuliko herufi zote za ukutani. Na uji, kila mtoto bakuli lake na kijiko chake, mmoja mmoja. Tuliona mahali wanapopanga watoto mstari na kijiko kimoja kinazunguka midomo kumi. Katika nchi yetu ya ziwa, ambako kipindupindu hakiishi kurudi, hatuhitaji kueleza zaidi. Mavi ya mtoto mchanga nayo ni mavi, yaende chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni ao majivu.

Vitu vya kucheza msinunue. Vifuniko vya bidon, vikombe vya plastiki vya kupanga na kubomoa, kikapu cha kujaza na kumwaga, chupa yenye mawe madogo iliyofungwa vizuri. Kufungwa vizuri tunakazia, juu kuna muganga mmoja hapa mjini aliyetoa harage kwenye pua za watoto mara nyingi mpaka anatuuliza kama tunawafundisha.

Na lugha? Baba mmoja alituuliza, Kifaransa kitaanza lini? Tulimjibu: mlezi aongee lugha anayoweza kuchekea na kukemea na kuimbia. Kama ni Kibembe, Kibembe. Kama ni Kifuliru, ao Kiswahili chetu hiki nusu cha Kigoma, sawa. Kifaransa cha maneno kumi, "bonjour" na "assieds-toi", hakina cha kumpa mtoto wa mwaka mmoja. Kitamkuta maternelle, ile tuliyozoea kambini kuita chekechea, akifika miaka mitatu, na kitamkuta ana maneno mengi tayari. Huyo baba hakuridhika sana. Tunaheshimu, lakini hatubadilishi.

Kuna jambo ambalo hatukubaliani na karatasi yenu kabisa: pameandikwa mtapokea watoto "kuanzia mwezi mmoja". Hapana, tunawaomba. Chini ya miezi sita mtoto ananyonya tu, hata maji hahitaji, na titi liko kwa mama, halikai ku mjini wakati mama yuko Mutambala. Kwa hao chama kina dawa ya zamani ambayo haihitaji sementi: salongo. Mwanachama akizaa, wenzake walime sehemu yake miezi sita hiyo, kwa zamu. Tulivyorudi 2006, 2007, si tulijengeana nyumba hivyo, leo kwa huyu, kesho kwa yule?

Sasa feza. Tunajua mabati yanaonekana. Mgeni akija, unamwonyesha mabati. Mlezi aliyekaa chini na watoto wanne haonekani kwenye picha, anaonekana kama mtu anapumzika. Lakini fikirini mlezi wa kujitolea. Mwezi wa kwanza ana moyo. Mwezi wa pili watoto wake mwenyewe wana njaa. Mwezi wa tatu anakwenda kuuza ndagala, na ana haki. Mnaleta mwingine. Sisi tunaona mlezi amebadilika. Mtoto wa miezi kumi anaona mtu wake amekufa. Ukimfanyia hivyo mara nne kwa mwaka, mnajua sasa atakuwa mtoto wa namna gani. Atakuwa mtulivu.

Pendekezo letu ni hili. Bashi na mbao zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kivuli, choo, maji, na uzio ili mtoto asifike mtoni. Feza ya mabati na ya rangi ilipe walezi wanne, mwaka mzima, kila mwezi, hata kama ni kidogo, pamoja na nusu siku ya kazi ku shamba lake kutoka kwa kila mama. Watoto kumi na sita, si thelathini. Na nafasi hizo kumi na sita wapewe kwanza wale ambao leo wanabebwa na binti mwenye umri wa masomo. Komite ikienda kuandika majina, isiulize mama peke yake. Imwulize na yaya: jana ulikuwa darasani?

Mtauliza yule mtoto wa kike alikuwa aje. Tulimpa mlezi mmoja, yule yule kila asubuhi. Wiki mbili za kwanza hakuna kitu. Mlezi aliimba, aliita jina lake, alimbeba mgongoni akitwanga. Ilipita kama mwezi na nusu. Asubuhi moja simu ikalia, mlezi anapiga kelele kama mtu anatangaza kuzaliwa: "Amelia! Mama yake ameenda na amelia, bado analia mpaka sasa!" Tulisikia kilio hicho ndani ya simu. Kwenye fomu tulifuta lile neno.

Mtunza feza ametuonyesha saa. Walezi watatu wa kule uani wamekuja leo na watoto wao, wako chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Kabla hamjarudi nyumbani nendeni mkakae nao nusu saa, bila kupiga picha. Mama mwenye mguu anasema maswali yote ya bajeti atajibu yeye.